Mwani wa Kahawia na Saratani: Kutoka Kisahani cha Maabara Hadi Kitandani kwa Mgonjwa

Hotuba ya mfamasia mbele ya wagonjwa, ndugu wanaouguza, wauguzi na wanafunzi wa vyuo vya afya, Moshi

Waheshimiwa viongozi wa dini, wauguzi na matabibu, wanafunzi wa vyuo vya afya, na zaidi ya wote ninyi mnaougua na ninyi mnaouguza: wazee wangu shikamooni, vijana hamjambo. Nawashukuru wa Rombo, Same na Mwanga mliodamka gizani, na ndugu zetu wa Arusha mliopanda Kosta ya alfajiri ili saa tatu iwakute humu ukumbini.

Nimepewa swali moja nilijibu. Je, mwani wa kahawia unatibu saratani? Nalijibu sasa hivi, nisije nikawaweka roho juu saa nzima: kwa ushahidi uliopo leo, hautibu. Hakuna dawa ya saratani itokanayo na mwani huo ambayo imethibitishwa kumponya binadamu. Anayekuuzia unga wake kwa ahadi ya kukuponya anauza ahadi ambayo hana cha kuishikia.

Lakini swali lenyewe ni zito na linastahili heshima. Ndani ya mwani huo mna kemikali ambazo maabara za Japani, Korea, China, Australia na Ulaya zinazichunguza kwa bidii, na baadhi ya wanayoyaona ni ya kweli na yanatia moyo. Mimi ni mfamasia. Nasimama kati ya kinachoonekana maabara na kinachomezwa na mgonjwa, na naijua njia iliyopo hapo katikati ilivyo ndefu. Hiyo njia ndiyo nataka tuipite pamoja, kwa sababu wengi wameumia kwa kuambiwa kwamba ni hatua moja tu.

Kwanza tujue ni mwani gani. Ule ambao kina mama wa Paje na Jambiani wanaulima Zanzibar tangu 1989, spinosamu na kotonii, ni wa kundi la mwani mwekundu. Usidanganywe na macho, maana shambani unaweza kuuona wa kijani au hata wa hudhurungi, ila kwa ukoo wake ni mwekundu. Huo hutoa karajinani, kitu kinachotumika viwandani kuyafanya maziwa, aiskrimu na dawa ya meno yawe mazito. Mwani unaouzwa mjini ukiwa mkavu au umechemshwa ukawa kama jeli, mara nyingi ni huo. Habari za saratani mnazosambaziana kwenye simu zinahusu ukoo mwingine kabisa.

Mwani wa kahawia wenye jina kubwa huota kwenye bahari za baridi: kombu na wakame za Japani na Korea, na ile mikubwa ya pwani za Uskoti na Norwe. Okinawa wana wao wanaouita mozuku. Hata sisi tunao. Pwani yetu, kuanzia Tanga mpaka Mtwara, ina Sargassum, Turbinaria na Padina, imejishikiza kwenye mawe na matumbawe, na mingine hutupwa ufukweni na mawimbi ikakaukia hapo bila mtu kuitaka. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Profesa Keto Mshigeni akiwa mbele yao, walianza kuuchunguza mwani wa pwani hii miaka ya 1970, kilimo cha kina mama kabla hakijashika kasi. Kwa hiyo mtu asiwaambie kuwa ujuzi wa mwani ni wa Wajapani peke yao.

Na mwani wa kahawia umeshaingia hospitali zamani. Mwaka 1811 Mfaransa Bernard Courtois aligundua iodini, tuliyozoea kuiita madini joto, alipokuwa akifanya kazi na majivu ya mwani. Miaka ya 1880 mkemia wa Uingereza, Edward Stanford, alitenga kutoka kwenye mwani wa Uskoti kitu kinachoitwa alginati. Daktari wa meno akikupa ule uji mzito uung'ate ili apate umbo la taya lako, mara nyingi hiyo ndiyo alginati. Ipo pia kwenye bandeji za vidonda vinavyotoa maji mengi, na kwenye baadhi ya dawa za kiungulia. Haya yamepimwa na kuthibitishwa, na hakuna anayeyapigia ngoma.

Sasa tufike kwenye saratani. Kemikali zinazotajwa zaidi ni tatu. Ya kwanza ni fukoidani, ule utelezi unaousikia ukiushika mwani wa kahawia. Unausaidia usikauke maji yakipwa ukabaki juani. Harald Kylin wa Uppsala, Uswidi, ndiye aliyeieleza mwaka 1913. Ni mnyororo mrefu wa sukari, iliyo nyingi ikiwa fukosi, na juu yake imebandikwa salfa. Shikeni hiyo salfa, tutaihitaji mbele. Ya pili ni fukozanthini, rangi inayoufunika ukijani wa mwani na kuufanya uonekane wa kahawia. Ni ndugu wa ile rangi ya karoti. Ya tatu ni florotanini, tanini chungu zinazowafukuza wanyama wanaoula mwani.

Zinafanya nini kwa seli ya saratani? Kila seli mwilini imebeba amri ya kufa. Ikizeeka au ikiharibika, amri hiyo huamka, vimeng'enya viitwavyo kaspasi huichanachana seli kutoka ndani, na mabaki husafishwa bila kidonda. Hivyo ndivyo mwili unavyojisafisha kila siku. Seli ya saratani ni ile iliyoikataa amri hiyo. Imeharibika na bado inagawanyika. Watafiti walipoweka fukoidani au fukozanthini juu ya seli za saratani za utumbo, titi, ini au damu, waliona mara nyingi kaspasi zikiamka na seli zikifa kwa utaratibu ule ule wa asili. Fukozanthini pia huonekana kuisimamisha seli kabla haijaanza kunakili jeni zake, na seli isiyonakili jeni haiwezi kugawanyika.

Kuna la mishipa pia. Uvimbe ukishapita ukubwa wa milimita chache hauwezi kuishi bila damu yake wenyewe, hivyo hutoa ishara za kuita mishipa mipya iote kuelekea kwake. Kwa panya, fukoidani imeonekana kuzivuruga ishara hizo. Na kuna la kinga: seli za kinga zinazoua seli zilizoharibika zimeonekana kuchangamka zikikutana nayo. Mwanafunzi wa maabara anayeyaona haya kwenye darubini kwa mara ya kwanza, moyo humruka. Simlaumu. Na mimi nikisoma huwa nafurahi.

Lakini ndugu zangu, kuua seli ya saratani ndani ya kisahani ni rahisi. Mimina jiki, zitakufa zote. Mimina spiriti, zitakufa. Kinachotafutwa ni kitu kitakachoiua seli ya saratani ndani ya mtu na kuziacha zilizobaki zikiwa hai, kwa kiasi ambacho damu yake inaweza kukibeba. Na kwenye hicho kiasi ndipo habari nyingi za mitandaoni zinapovunjika mguu.

Tupige hesabu kidogo. Majaribio mengi ya kisahani hutumia fukoidani kwa mamia ya mikrogramu katika kila mililita. Tuchukue 500. Mtu mzima ana kama lita 5 za damu. Kuifikisha damu yote kwenye kiwango hicho kunahitaji gramu 2 na nusu za fukoidani halisi, ndani ya damu yenyewe, na zidumu humo. Sasa mtu akimeza fukoidani, mnyororo ule mrefu hupenya ukuta wa utumbo kuingia damuni kwa shida mno. Wajapani waliowapima watu damu baada ya kumeza waliipata kwa nanogramu, yaani sehemu za bilioni za gramu. Pengo kati ya kisahani na damu ya mtu aliyemeza ni la mara maelfu. Fukozanthini nayo, inayogeuzwa na utumbo wetu kabla ya kuingia damuni, huonekana kwa binadamu kwa kiasi kidogo sana hata baada ya kula wakame ya kutosha.

Haina maana kwamba mlango umefungwa. Huenda baadhi ya faida inapatikana palepale utumboni, mahali penye seli nyingi za kinga. Wengine wanaikata fukoidani vipande vifupi ili ipite. Na mwaka 2016 watafiti wa kituo cha saratani cha Memorial Sloan Kettering, New York, walichapisha kazi inayonipa matumaini zaidi ya zote. Hawakuitumia fukoidani kuwa dawa. Waliifanya mbebaji. Waliifinyanga kuwa chembe ndogo kabisa, wakapakia ndani yake dawa ya saratani, na kwa kuwa fukoidani hunasa kwenye protini fulani inayojitokeza kwa wingi kwenye mishipa ya baadhi ya uvimbe, ilielekea huko ikiwa na mzigo wake. Ilikuwa kwa panya. Ila mmeona jinsi wazo linavyohama kutoka kunywa unga mpaka kwenye ufundi wa kweli.

Ugumu mwingine ni kwamba fukoidani haiko moja. Hapa nazungumza na watu wa kahawa, mtanielewa upesi. Arabika ni arabika, lakini ya Machame na ya mahali pengine hazinywi sawa, na hata ya kihamba kimoja hubadilika kwa mvua, kwa siku ya kuchumwa na kwa namna ilivyomenywa na kuoshwa. Fukoidani ni vivyo hivyo: aina ya mwani, msimu, maji yalikovunwa na njia ya kuikamua hubadilisha urefu wa mnyororo na wingi wa salfa. Vikibadilika hivyo, kazi yake mwilini hubadilika. Utafiti uliofanywa Korea kwa fukoidani iliyosafishwa hausemi lolote kuhusu unga ulio kwenye mfuko usiojulikana umetoka bahari gani.

Kwa binadamu je? Majaribio yapo, machache na madogo. Mwaka 2011 madaktari wa Japani walitoa taarifa ya wagonjwa 20 wa saratani ya utumbo mpana waliokuwa kwenye tibakemia, zile dawa kali za saratani zinazotolewa kwa dripu. Nusu walipewa fukoidani pamoja na tiba yao. Waliopewa walichoka kidogo kuliko wenzao na waliweza kuendelea na dripu kwa muda mrefu zaidi. Mwaka 2017 Taiwani walichapisha jaribio lililo bora zaidi kwa mpangilio, la wagonjwa ambao saratani ya utumbo ilikuwa imeshasambaa. Wengine walipewa fukoidani ya mnyororo mfupi, wengine unga usio na dawa, bila mgonjwa kujua amepata upi. Waliohesabiwa mwishoni walikuwa 54. Ugonjwa ulitulia au kupungua kwa asilimia 92.8 ya waliopata fukoidani, na asilimia 69.2 ya wasiopata. Ni tofauti inayotia moyo. Lakini muda wa kuishi haukuonyesha tofauti ya kutegemewa.

Naomba mlione jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Katika majaribio yote mawili, kila mgonjwa alikuwa kwenye tibakemia. Hakuna daktari aliyethubutu kumwondolea mgonjwa dripu akampa mwani peke yake. Kwa hiyo hata ukiwa shabiki mkubwa wa fukoidani, ushahidi wako mzuri kuliko wote unasema: baki hospitali.

Kuna hoja ya Wajapani wanaokula mwani tangu utotoni na zamani walikuwa na saratani ya titi chache kuliko Wamarekani. Ni kweli, na mtafiti Jane Teas aliiandika tangu 1981 kama dhana ya kuchunguzwa. Lakini Wajapani hao hao wamekuwa miongoni mwa mataifa yenye saratani nyingi ya tumbo. Wana chakula tofauti, uzazi tofauti, uzito tofauti. Huwezi kuchomoa kitu kimoja kwenye sahani ya taifa zima ukakipa sifa zote.

Wapo watakaosema: mfamasia huyu amesoma vya wazungu, hapendi vya asili. Sikilizeni. Kabati langu la dawa za saratani limejaa vya asili. Kuna ua dogo liitwalo vinka, lenye petali tano, la waridi au jeupe, wengi wenu mnalo uani. Asili yake ni Madagaska. Jamaika watu walichemsha majani yake wakanywa kwa ajili ya kisukari, na mwaka 1952 majani hayo yalifika Kanada kwa Dakta Robert Noble. Yeye na mkemia Charles Beer wakayapima kwa panya. Sukari haikushuka. Kilichoshuka ni chembe nyeupe za damu. Mtu mwingine angeyatupa. Wao wakajiuliza: kama yanashusha chembe nyeupe, yatafanya nini kwa saratani ya damu, ambayo ni chembe nyeupe zilizopotea njia? Humo ndimo ilimotoka vinblastini, na baadaye vinkristini, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1963. Watoto wenye saratani ya damu, na watoto wenye ule uvimbe wa taya ambao Dakta Denis Burkitt aliueleza akiwa Mulago, Uganda, mwaka 1958, wanapona leo kwa sababu vinkristini imo kwenye tiba yao.

Je, ukachemshe ua la uani? Usithubutu, mama yangu. Vinkristini ni sumu kali. Kipimo cha mtu mzima kwa kawaida hakizidi miligramu 2 kwa mara moja, na huchomwa kwenye mshipa wa damu tu. Ikichomwa kwa makosa kwenye uti wa mgongo, inaua. Kwenye majani imo kidogo mno, tena imechangamana na kemikali nyingine nyingi, kiasi kwamba hakuna anayeweza kujua ndani ya sufuria umepata kiasi gani. Uponyaji wote ulikuja kwa kuitenga, kuipima na kuhesabu kipimo kwa mwili wa kila mtoto.

Bahari nayo imeshatupa dawa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Werner Bergmann alipata ndani ya sifongo wa bahari ya Karibi viini vya jeni vyenye umbo lisilo la kawaida. Kwa kufuata mfano wa maumbo yale wakemia walitengeneza sitarabini, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1969, na mpaka leo ni nguzo ya tiba ya saratani ya damu. Hata Bahari yetu ya Hindi imechangia: konokono bahari aitwaye Dolabella auricularia, aliyekusanywa Morisi mwaka 1972, ndiye aliyeonyesha njia ya dawa ya saratani ya mitoki iliyoruhusiwa mwaka 2011. Hakuna aliyepona kwa kula sifongo wala konokono. Waliopona wamepona kwa molekuli iliyotengenezwa maabara na kupimwa miaka na miaka.

Fukoidani iko mwanzo wa barabara hiyo. Huenda ikafika, huenda isifike. Nyingi huishia njiani.

Sasa niwapeleke kwenye dirisha la famasia, mahali ninapoumia zaidi. Mama anakuja kuchukua dawa zake. Akishapokea, anatoa mfuko wa unga kwenye kitenge, anauliza kwa sauti ya chini: "Dada, hii niendelee nayo?" Kinachoniuma ni ile sauti ya chini. Anaogopa atagombezwa. Nawaomba wauguzi na madaktari wenzangu, tusiwagombeze. Mgonjwa aliyegombezwa ataendelea kuunywa, ila hatatuambia tena.

Mimi swali langu la kwanza kwake ni: unatumia dawa gani nyingine? Mnakumbuka ile salfa? Kwa ajili ya hiyo salfa na umbo lake, fukoidani inafanana na heparini, dawa tunayotumia hospitali kuzuia damu isigande, na maabara imeonyesha nayo inazuia damu kuganda. Wagonjwa wa saratani wako kwenye hatari kubwa ya damu kuganda mguuni au kwenye mapafu, kwa hiyo wengi wako kwenye heparini au warfarini. Wakati huo huo tibakemia hushusha chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda unapojikata. Ongeza juu yake unga ambao haujulikani una fukoidani kiasi gani. Unaweza kutokwa damu puani, kwenye fizi, au ndani kwa ndani usikokuona. Na kama unasubiri upasuaji, daktari wa upasuaji lazima ajue kabla hajashika kisu.

Jambo la pili ni madini joto. Watu wa milimani tunajua goita, na ndiyo maana chumvi yetu huwekewa madini joto. Mwani wa kahawia unayo kwa wingi kupita kiasi, aina nyingine kijiko tu kinazidi mahitaji ya siku mara nyingi. Ikizidi ghafla, tezi ya shingo inaweza kwenda mbio au kuzimika. Kwa mwenye saratani ya tezi hiyo anayesubiri tiba ya iodini ya mionzi, mwani unaweza kuiharibu tiba yenyewe. Tena baadhi ya mwani wa kahawia hukusanya aseniki. Mwaka 2004 mamlaka ya chakula ya Uingereza iliwashauri watu wasile mwani wa kahawia uitwao hijiki kwa sababu hiyo.

Hatari kubwa kuliko zote lakini ni muda. Uvimbe wa titi unaokatika leo kwa upasuaji, baada ya miezi ya kunywa unga na kungoja, unaweza kuwa umeshafika kwenye mifupa. Mwaka 2011 tuliona magari yakipanga foleni kwenda Samunge, Loliondo, kwenye kikombe cha dawa ya mitishamba cha shilingi 500. Waliokwenda hawakuwa wajinga. Walikuwa na maumivu, na mtu mwenye maumivu huenda panaposemekana kuna nafuu. Ndiyo maana wenye elimu tuna deni la kuwaeleza watu kwa lugha yao na kwa upole, kabla mwingine hajawaeleza kwa spika.

Na kama mnatafuta cha kufanya kuhusu saratani hapa Kilimanjaro na Arusha, kipo chenye ushahidi wa kushikika na wala si ghali. Chai. Watafiti walipima joto la chai tunayoinywa mkoa huu, na matokeo yaliyochapishwa 2015 yalionyesha tunaanza kuinywa ikiwa na nyuzi kama 70. Mwaka uliofuata shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa lilitangaza kuwa kuna uwezekano mkubwa vinywaji vinavyozidi nyuzi 65 vinasababisha saratani ya umio, ile njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, na umio ni saratani inayotutesa sana ukanda huu. Acha kikombe kipoe kidogo. Chanjo ya HPV nayo, inayozuia saratani ya mlango wa kizazi, ilianza kutolewa kwa majaribio katika mkoa huu huu mwaka 2014, ikaenea nchi nzima 2018, na tangu 2024 binti wa miaka 9 hadi 14 anahitaji dozi moja tu. Kama binti yako hajachanjwa, ulizia shuleni kwake au kituo cha afya wiki hii. Ukisikia kivimbe, nenda upimwe. Hospitali ya KCMC hapa Moshi ina kituo cha saratani tangu 2016. Kukatwa kinyama kwa ajili ya kipimo hakusambazi ugonjwa; bila kinyama hicho hakuna anayejua anatibu nini.

Wanafunzi, nanyi mlioko Taasisi ya Nelson Mandela pale Tengeru, nina ombi. Sargassum na Padina za pwani yetu ziingizwe kwenye orodha zenu za utafiti. Nani amepima fukoidani ya Tanga ikoje msimu wa kaskazi na ikoje kusi? Ina salfa kiasi gani? Ina aseniki? Muhimbili wana taasisi ya tiba asili yenye mizizi tangu miaka ya 1970, shirikianeni nao. Na siku mtakapoona seli zimekufa kwenye kisahani, andikeni kiasi mlichotumia kwenye mstari wa kwanza wa muhtasari. Mama wa Rombo hatausoma muhtasari huo, lakini mwandishi wa habari atausoma, na kutoka kwake utafika kwenye simu ya mama. Tena msisahau kina mama wa pwani. Wakiambiwa mwani huu una soko, waambiwe ukweli wake na walipwe bei ya haki.

Kwa wanaouza tiba: tuna Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, na lipo baraza la kusajili waganga na dawa zao. Sina ugomvi na aliyejisajili, anayesema wazi dawa yake ina nini na anayempeleka mgonjwa hospitali anapoona uvimbe. Anayemwambia mgonjwa aache dripu, huyo nina ugomvi naye mkubwa.

Nje, upande wa kulia, wauguzi wameweka meza. Kama una unga wowote, vidonge au chupa, vileteni kama vilivyo na mfuko wake, pamoja na kadi yenu ya kliniki na dawa zote mnazotumia. Tutakaa na kila mmoja pembeni, tuangalie kipi kinagongana na kipi, na tuandike kwenye kadi ili daktari wako akione. Hakuna atakayeulizwa kwa nini alinunua. Mwenye warfarini au heparini, na mwenye tarehe ya upasuaji, aanze yeye.